Binti yangu hakutoroka kipindi, alikuwa na kiu

Mhariri,

Muhula uliopita binti yangu, aliye kidato cha tatu shule ya bweni, alichapwa kwa kutoka darasani mara tatu asubuhi moja. Alikwenda bombani na chooni. Ana ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), unaomfanya mara ashuke kwenye sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, mara apande kupita kiasi, na dawa ya lithiamu anayomeza inamtia kiu na kumpeleka haja ndogo kila mara. Akikaukiwa maji mwilini, dawa hiyo huzidi kwenye damu ikamdhuru. Mwalimu wa zamu hakuyajua hayo. Niliyaandika kwenye fomu ya afya siku anajiunga, na fomu ikabaki ofisini.

Simbebeshi mwalimu lawama zote. Mimi niliyemzaa nilimwita mvivu mwaka mzima. Nilidhani mwenye sonona ni mtu wa kulia, kumbe kwa vijana mara nyingi hutokea kama hasira: anajibu ovyo, anagombana na wenzake, asubuhi hainuki kitandani. Baadaye zikaja siku za namna nyingine kabisa, hapati usingizi, anaongea bila kituo, anapanga mambo makubwa usiku wa manane. Ndugu wakasema ni majini. Tulichelewa kufika hospitali kwa sababu hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 50 hao ni kama saba, na wengi wazazi wao hawajui kama mimi sikujua.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinataka kila adhabu iandikwe daftarini. Naomba dawa za mtoto nazo ziwe na daftari lake kwa matroni, lisomwe na mwalimu wa darasa na wa zamu, bila kutangazwa mstarini. Apewe ruhusa ya kudumu ya maji na choo, na ya kwenda kliniki kupimwa damu. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi ili apate muda wa kukaa na watoto.

Aliporudi kutoka hospitali, mwalimu wake wa hisabati alimkusanyia mazoezi ya wiki tatu alizokosa, akawa anampa mawili kila jioni kabla ya prepu. Hakumhoji chochote. Binti yangu alinisimulia hilo kwa simu kabla hata hajanisalimia.

Mama mzazi,
Morogoro