Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tuingie kwenye mpango wa ufukwe kabla ramani haijachorwa

Wanachama wenzangu, salamu kwenu nyote. Mambo ya ada na mahudhurio katibu na mhazini washayatuma kivyao, mimi mwaka huu naongelea ishu moja tu ambayo ndo imekula muda wetu mwingi, yaani huu mpango wa matumizi ya ufukwe unaoandaliwa na halmashauri. Humo ndo itaamuliwa nani ajenge wapi, ukuta wa kuzuia mawimbi ukae wapi, wavuvi waegeshe vyombo wapi, na njia za kushukia majini zibaki wazi kwa kila mtu au zizibwe.

Niseme wazi msimamo wa kamati. Maoni yakija baada ya ramani kuchorwa hayana nguvu. Mtu wa mipango ashachora, wakubwa zake washaona, alafu ndo sisi tunaitwa ukumbini kutazama projekta na kupewa dakika mbili mbili za kuuliza maswali. Kwa hiyo safari hii tuliomba tuingie kwenye hatua ya kukusanya taarifa, pale wanapoandika mikoko iko wapi, sehemu gani inaliwa na maji, watu wanapita wapi. Walikubali na nawashukuru sana maafisa waliokubali. Wazee wetu wa uvuvi walitembea na wapimaji wakawaonyesha maji ya bamvu, yaani yale yanayojaa kupita siku za kawaida, yanafika wapi hasa, na hilo jambo ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana vipimo vya kisheria vinaanza kuhesabiwa kwenye alama ya maji, yaani pale maji yanapofikia yakijaa. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari, jimbo la Washington kule Marekani sheria yao ya fukwe ya 1971 inashika futi 200 ambazo ni kama mita 61 hivi, na nchi za Mediterania kwenye itifaki ya Madrid ya 2008 ziliandika mita 100 kuanzia pale maji yanapofika juu kabisa msimu wa baridi. Sasa alama ya mwanzo ikiwekwa pasipo pake hizo mita zote zinahama nayo, na pale ufukwe ulipolala, maji yakipanda kidogo tu yanaingia mbali sana ndani.

Suala la saa za mikutano tumelipigania na nitaendelea kulipigania. Mkutano ukipangwa wakati maji yamekupwa, wanaookota chaza na wavuvi wa miguu wapo kazini, hawawezi kuja, alafu inaandikwa kwamba wananchi hawakujitokeza! Tumeomba ratiba ya mikutano ifuate kalenda ya maji na mkutano mmoja ushafanyika hivo, na mliokuwepo mliona wenyewe ukumbi ulivyojaa na maswali yalivyokuwa ya maana.

Upande wa ofisi za serikali ndo kugumu zaidi. Ardhi wana kibali chao, uvuvi wana chao, misitu wanashika mikoko, bandari wanashika gati, mazingira wanashika tathmini, na kila mmoja ana ramani yake na mipaka haifanani. Wakati huohuo mchanga unatembea. Mawimbi yakija kimshazari yanausukuma kando kando ya pwani, ukikatisha ule mwendo kwa ukuta wa mawe unaoingia baharini mchanga unajaa upande mmoja na upande wa pili unaanza kuliwa, na huo upande wa pili mara nyingi uko kwenye halmashauri nyingine kabisa ambayo haikuulizwa chochote. Ndo maana tulisisitiza majirani wetu waitwe tangu mwanzo, sio kutumiwa nakala mwishoni. Majirani na ofisi hizo walikaa pamoja kikao kimoja. Ofisi moja muhimu haikutuma mtu, tumeandika barua na tutaandika tena, sababu mpango ambao ofisi hiyo haijakubaliana nao utavunjwa siku ya kwanza ikitoa kibali chake.

Wengine mliuliza kwenye grupu kwani kwingine wanafanyaje. Marekani wana sheria ya ukanda wa pwani ya 1972, jimbo likiwa na mpango ulioidhinishwa basi hata mashirika ya serikali kuu yanatakiwa shughuli zao ziendane nao kadiri inavyowezekana. Washington wenyewe, serikali za mitaa ndo zinaandika mpango na idara ya mazingira ya jimbo inaupitia na kuuidhinisha kabla haujaanza kutumika, na ile sheria yao ilipigiwa kura na wananchi 1972. Mimi hapo napenda kitu kimoja, wa chini anaandika na wa juu anakagua, hakuna anayefanya peke yake, ingawa inachukua muda na inahitaji watu wasiochoka.

Tulichowaomba halmashauri sasa hivi ni jedwali la maoni, kila maoni yaandikwe, pembeni yake waseme wameyachukua au wameyaacha na kwa nini. Bila hilo hatuwezi kujua kama tumesikilizwa au tumehudhuria tu. Jibu bado hatujapewa.

Rasimu ikitoka naomba kila mwanachama aandike maoni yake kwa maneno yake, taja sehemu unayoijua na kitu ulichokiona pale, msitumiane barua moja mkabadilisha majina, nyingi zikifanana zinahesabiwa kama moja. Asiyeandika aje aseme, kijana mmoja wa kamati atamwandikia na kumsomea tena kabla hajaweka sahihi. Na wenye picha za zamani za ufukwe zinazoonyesha mti au nyumba ambayo mpaka leo ipo, zileteni mapema pamoja na mwaka zilipopigwa, wapimaji wameziomba ili walinganishe ukingo ulikuwa wapi na sasa uko wapi.