Risala ya Klabu ya Jiografia na Historia kwa Mgeni Rasmi: Kisiwa cha Ngazija

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja skuli kwetu kutufungulia maonesho. Mwaka huu tumechagua kisiwa kimoja tu, Ngazija, kikubwa kuliko vyote vya Komoro. Hapa Unguja jina hilo si geni. Wamo humu ukumbini ambao mababu zao walitoka huko kwa jahazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Visiwa vya Komoro ni vinne, na vyote vimezaliwa na volkano zilizopanda kutoka chini ya bahari, baina ya Msumbiji na Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Maore ndicho kikongwe: milima yake imeliwa na mvua, na matumbawe yamekizunguka. Ngazija ndicho kichanga, na mlima wake Karthala, wenye mita 2,361, bado uko hai.

Lililotushangaza zaidi ni maji. Ngazija hupata mvua nyingi, lakini hakuna hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wa lava bado mpya, umejaa nyufa na matundu, kwa hiyo mvua ikinyesha huzama moja kwa moja. Nzuwani na Mwali, vilivyotangulia kuzaliwa, vina mito. Ngazija watu wamezoea kukinga mvua na kuiweka katika mabirika, yaani matangi ya maji.

Tuliposoma kwamba mwaka 2005 Karthala ulilipuka mwezi wa Aprili na tena Novemba, tulidhani balaa lilikuwa moto. Kumbe ni majivu. Yaliingia mabirikani, na maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa. Moto nao wanaujua: mwaka 1977 lava ilipasua ubavu wa mlima, ikashuka hadi kijiji cha Singani na kumeza nyumba.

Juu ya mwamba huo huo watu walijenga miji. Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Moroni ni wa mwaka 1427. Huko Ikoni inasimuliwa kuwa wanawake walijitupa kutoka jabalini ili wasichukuliwe utumwa na wavamizi kutoka Bukini. Ufaransa ilikiweka kisiwa chini ya himaya yake mwaka 1886, na uhuru ukatangazwa tarehe 6 Julai 1975, Maore ikabaki kwa Wafaransa.

Sisi Waunguja tuna deni kwa kisiwa hiki. Sayyid Ahmed bin Sumait, kadhi aliyeheshimika sana hapa Zanzibar, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tuna ombi moja. Wazee wenye asili ya Ngazija waliopo mitaani kwetu wanakumbuka mengi ambayo hatukuyakuta katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Tunaomba utusaidie kupata kinasa sauti, tuwafuate majumbani mwao tuwasikilize maadamu wapo.

Sasa tunakuomba usogee kwenye meza ya kwanza. Tumejenga mfano wa Karthala kwa mawe na kokoto. Gilasi ya maji iko pembeni. Tafadhali yamimine kileleni, uone yanakokwenda.

Ahsante sana.