Risala ya Wanakisomo kwa Mgeni Rasmi, Juma la Elimu ya Watu Wazima, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Afisa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu Mkuu uliyetuazima darasa. Wageni waalikwa na wanakisomo wenzetu,

Karibu sana. Tuko 23, wengi wetu akina mama wa ndizi na mboga soko la Mbuyuni. Tunasoma KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, Jumanne na Alhamisi saa 10 jioni, watoto wa darasa la pili wakishatoka. Madawati ni yao, magoti ni yetu, kwa hiyo tunakaa upande upande. Watoto wanatuita ngumbaru. Tumezoea, jina hilo tumelikuta.

Mheshimiwa, mwenzetu mmoja alikuwa akitumiwa hela kwa simu, mjukuu anamsomea ujumbe. Mwezi wa tatu akausoma mwenyewe: 35,000. Mjukuu alikuwa ametaja 30,000. Hakumchapa. Alimwambia tu, "Hebu rudia, kwa sauti."

Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ikaunda kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Sisi leo tuna vitabu 4, tunapokezana. Mwezeshaji tunamchangia shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki, na mkungu wa ndizi mshare ukipatikana. Ruzuku ya shule inakuja kwa hesabu ya watoto. Sisi hatumo, ila chaki tunayoandikia ni hiyohiyo. Mwalimu Mkuu utusamehe, tumeshasema.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ipo, tunashukuru. Lakini inataka katiba na andiko la mradi. Mwaka jana tulimlipa kijana wa steshenari atuandikie, akaandika ufugaji wa kuku. Sisi tunauza ndizi! Tulipoulizwa mabanda yako wapi, tukabaki kutazamana.

Mheshimiwa, hatuombi jengo. Tunaomba halmashauri itenge fungu la kisomo lenye jina lake kwenye bajeti, na litoke kila robo mwaka: posho ya mwezeshaji, vitabu, na taa mbili, maana ikifika saa 12 na nusu ubao hauonekani.

Risala hii tumeiandika wenyewe, tukafuta mara nyingi. Chini yake kuna sahihi 19 na dole gumba 4. Hao wanne wameanza Julai.

Tunaomba kuwasilisha.