Gazeti lifungiwe na mahakama, sio ofisi

Mhariri, nimesoma habari yenu ya uhuru wa vyombo vya habari duniani, mmeieleza vizuri Apple Daily ya Hong Kong ilivyofungwa 2021 wahariri wakiwa ndani na akaunti zimezuiwa, ila mmeandika kama vile ni mambo ya mbali. Sisi wa Mufindi, mkoani Iringa, tunajua. Mwandishi Daudi Mwangosi wa televisheni ya Channel Ten aliuawa hapa Nyololo tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini, kamera mkononi.

Hoja yangu ni huku kufungia fungia magazeti. Gazeti la Mseto lilifungiwa na serikali 2016, Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema 2018 liachiwe, leseni ikaja kurudishwa Februari 2022 pamoja na ya MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima, sasa miaka yote hiyo mwandishi anakula nini jamani, na muuza magazeti wa stendi je? Serikali inayolalamikiwa na gazeti ndiyo hiyo hiyo inaamua lifungiwe, kesi ya nyani kapewa ngedere.

Wabunge wetu wabadilishe sheria, serikali ikikerwa iende mahakamani kama raia mwingine na gazeti liendelee kutoka mpaka hukumu.

Msomaji wenu, Mafinga