Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Wamiliki wa Nyumba za Kale

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita niliwaahidi kwamba ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ungekuwa umekauka kabla hatujakutana tena. Haujakauka.

Naanza na huo kwa sababu malalamiko mengi yaliyoifikia kamati mwaka huu ni ya namna hiyo: lipu inavimba, rangi inabanduka, unga mweupe unachomoza kwenye matofali. Miaka ya nyuma fundi wangu alipiga saruji juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa, nami nikamsifu, maana ulinyooka kweli. Lakini kuta zetu nyingi hazina tabaka la kuzuia maji kwenye msingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini, ukapumulia kwenye chokaa. Ukizibwa kwa saruji hunaswa ndani, chumvi ikaganda kwenye tofali na kuumenya uso wake. Tulipobandua lipu ile, vipande vya tofali vilitoka vimeng'ang'ania mgongoni mwake. Kimoja nimekuja nacho, kipitisheni mkione.

Saruji ya Portland, hii ya kawaida tunayoitumia leo, ilipewa hataza mwaka 1824. Waashi wa kabla ya hapo hawakuijua, na wengi waliofuata waliendelea na chokaa yao. Chokaa inataka subira: hupigwa tabaka jembamba, hufunikwa magunia yenye maji isikauke ghafla, kisha huachwa inyonye kabonidioksidi ya hewani hadi igande. Fundi anayewaambia atamaliza Ijumaa, muulizeni Ijumaa ya mwezi gani.

Kuhusu vibali, tulikuwa na mwaka mgumu. Wapo wenzetu waliong'oa madirisha ya mbao wakaweka ya plastiki bila kuuliza, wakaamriwa kuyatoa. Siwatetei, ingawa nakiri kwamba kusubiri majibu kunachosha. Kubadilisha ubao uliooza kwa ubao wa aina ile ile si sawa na kupanua dirisha, na hata hilo dogo ulizeni kwanza. Pigeni picha kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi fremu imeoza kizingiti cha chini tu. Seremala mzuri hukata hapo akaunga kipande kipya, na dirisha likabaki.

Mwanachama mmoja aliomba tumuunge mkono aweke roshani ya nakshi mbele ya nyumba yake. Hakuwa na picha, mchoro, wala hata tundu la boriti ukutani la kuonyesha kwamba iliwahi kuwepo. Tulikataa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, na kamati inaona hivyo hivyo. Alikasirika, na ana haki ya kulileta suala hili tena leo.

Mjadala wa rangi za milango ulikula vikao vitatu bila kufika popote. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Nawashukuru waliojitolea kuzibua mifereji ya paa kabla ya mvua. Kazi ile imeokoa kuta nyingi kuliko barua zote nilizoandika.

Mwisho, ngazi ndefu ya chama haijarudi tangu kazi hiyo ya mifereji. Aliyenayo anajijua, na mimi naihitaji kwa ukuta wangu.

Mwenyekiti