Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati na mama zetu walezi wa chama, assalaam alaykum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu Wakristo. Nawashukuru mliofika. Waliosaini daftari leo ni 23. Wenye kadi za chama ni 58.

Shughuli za mwaka mnazijua kwa kuwa mlikuwamo. Tulisoma Maulidi, tulikwenda na sabuni na maziwa wodi ya wazazi, tulishona sare za kitenge, tulikuwa na harusi mbili na misiba minne. Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, tulikwenda watu sita tu. Mikopo iliyotoka ni shilingi 6,900,000 na iliyorudi ni 5,250,000. Ada ilitakiwa iingie 3,480,000, imeingia 2,145,000, tunadaiana 1,335,000. Rambirambi ni 1,200,000. Mweka hazina atasoma vitabu baada yangu, mwenye swali la hesabu amwulize yeye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa kila baraza tangu Mei, isipokuwa mbele yangu. Nimeshutumiwa mambo matatu: kwamba nilizuia rambirambi ya msiba wa mwanachama, kwamba nilichelewesha maziko ya mtoto mchanga, na kwamba nilipeleka polisi kwenye matanga. Yote matatu ni kweli, niliyafanya. Naomba leo mnisikilize mpaka mwisho.

Mtoto alizaliwa Ramadhani. Mama yake alipotoka arobaini alikuja naye kikao cha mwisho wa Aprili, pale barazani kwangu, na wengi wenu mlimpokea mkampakata. Mimi nilipompakata kanga ilifunguka, nikaona mkononi, juu ya kiwiko, alama nne zimepangana, za rangi ya zambarau iliyoanza kugeuka manjano. Nikamuuliza mama, “Mwanangu, hapa kumekuwaje?” Akasema, “Mbu, Bi Mwenyekiti.” Nikamfunga kanga mtoto, nikampa mama elfu mbili ya sabuni, tukaendelea na ajenda ya sare. Mbu haachi alama za vidole. Nililijua hilo wakati ule ule, nikanyamaza kwa kuwa sikutaka kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Kama nina kosa mwaka huu, ni la Aprili. Lile la Mei si kosa.

Mwenzetu mmoja ambaye ni muuguzi alitufundisha baadaye neno ambalo ningependa kila mmoja wetu alibebe: mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni nadra sana kuchubuka mwenyewe. Hana pa kuangukia wala pa kujigonga. Ukimkuta na alama kama zile, mara nyingi kuna mtu aliyeziweka, na huyo mtu ana jina.

Mei nilipigiwa simu alfajiri. Nilipofika, maji yalikuwa yameshachemshwa, sanda imekatwa, ubani unafuka. Watu wanasema degedege. Na kweli mtoto alikuwa ametapika siku mbili, amekataa ziwa, amelegea, macho yamepinda, akatetemeka. Zahanati moja, sitaitaja, ilimwona akapewa dawa ya malaria, akarudishwa nyumbani. Nani kati yetu asingesema degedege?

Lakini muosha wetu, ambaye ni mwanachama na amefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wa mabinti zangu, alinifungulia pazia akaniita kwa mkono. Hakusema kitu. Alimgeuza mtoto taratibu, akanionyesha nyuma ya sikio, kisha akachukua kidole changu akakipitisha ubavuni. Palikuwa na kijinundu kama punje ya hindi. Nikaomba maji yasimiminwe.

Hapo ndipo niliposema kwamba laki tatu ya chama haitoki. Ibara ya 9 ya katiba yetu inasema rambirambi itolewe ndani ya saa 24, naijua, niliiandika mimi mwenyewe na katibu wa kwanza mwaka tulioanza, kwa hiyo si haki kuniambia sijui katiba. Wazee wa upande wa baba walisema maiti haichelewi, na mtoto mchanga hapasuliwi. Nilikwenda kwa imamu nikamweleza alichokiona muosha. Akasema wasubiri. Kisha nikaenda kwa mtendaji wa mtaa, na mtendaji akapiga simu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwamba polisi walikuja na gari lao mpaka mlangoni na kina mama wamekaa kwenye majamvi, hilo liliniuma na mimi. Sikulipanga.

Daktari alimchunguza siku ya pili yake. Walichoelezwa ndugu, na muosha na mimi tukiwapo, ni kwamba palikuwa na damu juu ya ubongo, na mbavu tatu zimevunjika, mbili kati ya hizo zikiwa zimeshaanza kuunga. Maana yake hazikuvunjika siku moja. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa mwili wake na shingo haijakaza. Akishikwa kifuani akatikiswa, ubongo hugonga ndani ya fuvu na mishipa midogo hukatika, na nje pengine usione hata mkwaruzo. Baba yuko mbele ya sheria, hajatiwa hatiani, na sitasema zaidi juu yake. Naomba na nyinyi msiseme zaidi.

Nimeulizwa na mjumbe mmoja wa kamati, kwa hasira, kama angekuwa mama ndiye, ningempeleka? Ningempeleka. Na sheria haikumsahau mama: kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinamwangalia mwanamke aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili ikiwa haijatengemaa baada ya uzazi, na humhukumu kama aliyeua bila kukusudia. Lakini mahakama haiwezi kuyapima hayo ikiwa sisi tumeshazika na kusema degedege. Wanaosema niliingilia ya watu wasome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95. Kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa anawajibika kuipeleka serikali ya mtaa. Kifungu hicho hakibagui jirani wala mwenyekiti.

Rambirambi niliitoa siku ya tatu, nikaikabidhi mkononi mwa mama wa mtoto, si kwa wakwe. Hilo nalo limesemwa. Zaidi ya hapo nilitumia shilingi 185,000 za mfuko wa dharura, nauli na chakula cha mama siku alizokwenda kutoa maelezo. Risiti za 140,000 zipo kwenye faili. Hizo 45,000 ni bodaboda, na bodaboda hawatoi risiti. Kamati ikiona sikustahili, nitazirudisha kwa awamu.

Gharama nyingine ya jambo hili inaonekana kwenye daftari la mahudhurio. Kabla ya Mei tulikuwa tunafika kama 41 kwa kikao. Tangu Juni, ukiacha mkutano wa leo, hatuvuki 19. Tisa wameacha kabisa kulipa ada, na watatu kati yao wameniambia wazi kwamba chama kimekuwa cha kupelekana polisi. Wengine wanasema ni kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa. Uchaguzi umefanyika Novemba 27 na Desemba walikuwa bado hawajaja. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu yangu, na hakuna mjumbe wa kamati aliyenisindikiza zaidi ya katibu. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Limekuja pia pendekezo la kumfuta mama huyo uanachama, eti alijua. Nimelikataa na nitalikataa leo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, ametoka arobaini, anakula kwa mkono wa huyo huyo. Aliniambia mbu. Mimi mwenye miaka hamsini na sita nilikubali mbu.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, natumaini tutampata afisa ustawi wa jamii aje aseme na sisi, na hasa na waume zetu, juu ya kilio cha mtoto mchanga. Muuguzi wetu anasema kilio huzidi wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na mwezi wa pili, kisha hupungua mwezi wa tatu na wa nne, hata mtoto akiwa mzima na ameshiba. Anayeona mkono unamwasha amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje, amwite jirani. Natumaini pia tutachapa namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, nyuma ya kadi zetu, fedha zikipatikana. Na ingefaa kina mama wawili watatu wawe wanapita kwa kila aliyejifungua, si siku ya kupeleka uji tu. Namna ya kulipanga tutaona.

Ibara ya 9 naomba iongezwe maneno haya: “isipokuwa pale muosha atakapokuwa na shaka.” Kura itapigwa kwa kunyoosha mkono baada ya chai. Wanaopinga nao wanyooshe, niwaone.

Mwenyekiti