Kuhusu ile Land Cruiser uliyonitumia picha

Bondeni, Nakuru

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Mama yako anakusalimu, na unga wa wimbi umemfika. Sasa tuje kwenye zile picha za gari ambalo mwenyewe anataka mbadilishane na Prado yako.

Nimezitazama dukani, nikazipeleka mlangoni penye mwanga, kisha nikampa fundi Musa naye azitazame. Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, rangi ya maziwa. Ni gari zuri, sikatai. Katika miaka yangu yote ya kuuza spea sijaona injini ya dizeli yenye madai machache kama ile: lita 4.2, silinda sita, pampu ya chuma kitupu, hakuna kompyuta ya kuiamrisha. Na ninajua kilichokuchosha na Prado. Taa ya kichujio cha moshi ilikuwakia huko Tot, gari likakataa kukimbia, nawe unasubiriwa na ng'ombe wa watu aliyeshindwa kuzaa. Uliponipigia usiku ule nilikasirika kuliko wewe.

Lakini mama, kichujio kile hujisafisha kwa kuchoma masizi, na masizi hayaungui mpaka gari liende mwendo mzuri kwa muda. Wewe wiki nzima ni kliniki, soko, shule ya watoto, halafu kliniki tena. Litajisafisha saa ngapi? Kabla hujalihukumu, lipeleke Burnt Forest na kurudi mara moja kwa wiki, bila kusimama simama, kisha uniambie.

Picha ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. Gurudumu la mbele, upande wa ndani, kuna weusi wa grisi na mafuta umeteremka mpaka kwenye rimu. Ni sili za pale ekseli inapokatia kona. Ugonjwa huo ni wa kawaida kwa gari lile na dawa yake ninayo kabatini, ila mtu anayejidai kulitunza gari kama yai angekuwa amekwisha kuzibadilisha. Halafu tazama rangi ya chini ya milango: ni mpya kuliko ya paa. Hakuna anayepaka rangi chini ya mlango kwa urembo, mwanangu. Pale kuna kutu, na Musa anasema huenda imefika kwenye chesisi.

Muulize mwenyewe kama liliwahi kuchemsha. 1HZ huvumilia mengi lakini si joto. Silinda hedi hupasuka, hasa pale mwenye haraka anapoifungia tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, ambayo haikuzaliwa nayo. Muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ni wa kilomita 100,000, na ukikatika, vali hukutana na pistoni.

Kisha kuna mwinuko wa Timboroa, kati ya Eldoret kwako na Nakuru kwetu. Pale juu ni zaidi ya mita 2,700, hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na ya pwani, na injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu vivyo hivyo. (Unakumbuka lile pikapu letu la kijani? Mlipokuwa wadogo tuliliombea maji pale kwa mama muuza viazi, mara mbili kwa safari moja.) Ukija kwetu na watoto na mizigo, utapanda nyuma ya malori na kuyapita hutaweza. Kupanda ni afadhali. Kuteremka Salgaa kwa breki za miaka 30 ndiko kunakoninyima usingizi, na katika picha zote sioni mfuko wa hewa kwenye usukani.

Eti mbadilishane gari kwa gari, asiongeze hata thumni, kwa kuwa 80 hazipatikani tena! Kweli hazipatikani. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zilizopo ndizo zizo hizo. Lakini na vipande vyake ni hivyo hivyo. Vya injini nitakupa hata kesho, maana 1HZ iliendelea kufungwa kwenye Land Cruiser 70. Raba za milango, vioo, plastiki za ndani, hivyo vinasubiri gari jingine lichinjwe. Bima nayo: kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo.

Najua unavyolitamani, na bonde la Kerio lingelifaa. Ekseli ya kipande kimoja mbele na nyuma, mawe ya kule halingeyahesabu. Ningekuwa na uwezo ningekununulia liwe la pili. Lakini liwe gari lako pekee, daktari anayeitwa usiku, peke yake barabarani? Siliafiki. Ukishikilia, basi aongeze pesa, na pesa hizo zote ziingie chini ya gari lile lile kabla hujaliteremsha Iten. Na namba ya chesisi ilingane na ya logbuku, usiridhike na fotokopi.

Jumamosi mimi na Musa tutapanda matatu ya kwanza, saa mbili asubuhi tuwe Eldoret kabla baridi haijaisha. Mwambie mwenyewe asiliwashe mpaka tufike. Nataka kuuona moshi wa kwanza na rangi yake. Nitaanza kwa kuigusa boneti. Nikiikuta ina moto, tutakunywa chai kwako turudi zetu.

Baba yako